Saa za Kuitazama Meli ya Metroni

Saa za kuitazama meli zilikuwa saa nane hadi saa kumi alasiri. Aliyefika kabla ya hapo alikaa kwenye benchi la veranda, mikono magotini, kama mtu aliyeleta uji wa mgonjwa akakuta mlango wa wodi umefungwa. Haikusaidia kusema umetoka mbali. Pasta wetu alipita siku moja saa tano, akiwa na haraka ya kwenda mazishini, akaambiwa dirishani kwamba mzunguko wa asubuhi bado haujakwisha. Aliyekuwa akifanya mzunguko huo ni Metroni mwenyewe, na mgonjwa alikuwa meli ya mbao yenye urefu wa mkono wangu, iliyolazwa juu ya meza ya sebuleni kwenye shuka jeupe lililopigwa pasi.

Tulikuwa majirani kwa miaka mingi, nje kidogo ya mji wa Kakamega, upande wa barabara ya kwenda Malinya. Ua wa michongoma ndio uliotutenganisha, na ulikuwa na pengo ambalo hakuna aliyewahi kulitengeneza. Mimi nilifundisha shule ya upili ya hapo karibu, kwa hiyo aliniita Mwalimu. Nami nilimwita Metroni kama kila mtu, ingawa alikuwa amestaafu kazi ya kusimamia wauguzi hospitalini kabla sijahamia pale. Yeye alistaafu, cheo kikakataa. Sokoni alibonyeza nyanya kwa vidole viwili, polepole, akimwangalia muuzaji usoni kama anayemwuliza panauma wapi. Yule kijana wa kuuza kuku, aliyekohoa ovyo mbele ya wateja wote, alipomwona Metroni akikaribia alikohoa kwenye kiwiko.

Salamu yake ilikuwa swali, na alitaka jibu.

"Umelalaje?"

"Salama, Metroni."

"Salama ni jibu la kumwambia polisi. Nimekuuliza umelalaje."

Hapo ilibidi useme. Nusu ya mtaa ilijulikana matatizo yake ya usingizi kwa njia hiyo, pale pale njiani, watu wengine wakisikiliza.

Meli ilianza na sanduku la nguo. Krismasi moja mwanawe wa kwanza, mhandisi wa madaraja anayeishi Nairobi, alikuja nyumbani akamwona mamake akimletea chai. Kikombe kiligongana na kisahani chake njia nzima kutoka jikoni, na chai ilipofika nusu ilikuwa kikombeni na nusu kisahanini. Kesho yake Mhandisi alisema amemtengea mama chumba katika nyumba yake ya ghorofani. Hawezi kuendelea kuishi peke yake na mikono ile, alisema, na jiko la makaa, na ngazi za mlango wa nyuma zinazoteleza mvua ikinyesha. Kakamega mvua hunyesha karibu kila alasiri, hivyo hoja ilikuwa nzito.

Metroni alikuwa ameshakaa kwenye nyumba hiyo mara moja, kwa muda mfupi, na hakuisahau. "Nilikaa juu kule kama kasuku," alinieleza. "Asubuhi nafungua dirisha, namwona mtu wa nyumba ya pili anapiga mswaki. Naye ananiona. Hatusalimiani. Mwalimu, mtu umemwona na povu mdomoni na humjui hata jina."

Mhandisi akapanda kiti ili ateremshe sanduku la nguo kutoka juu ya kabati, aanze kumpakia mamake vitu. Alipolivuta, boksi lililokuwa chini yake likaanguka na kumwaga vijiti sakafuni. Boksi hilo lilikuwa na historia ya adabu iliyozidi kipimo. Lilitoka kwa daktari mmoja mgeni aliyefanya kazi naye zamani. Siku ya kuondoka kwenda kwao, daktari aligawa mali yake kwa wafanyakazi: mpishi akapata baiskeli, karani akapata friji, na Metroni akapata boksi la kujengea meli, kwa sababu aliwahi kumwambia kwamba picha iliyo juu yake ni nzuri. Tangu hapo alikuwa mwangalifu sana katika kusifu vitu vya watu.

Mdogo wake Metroni wa kiume, mfugaji wa mafahali wa kupigana huko Malinya, alikuwepo siku hiyo akila. Ni yeye aliyenisimulia yaliyofuata, na Metroni hakuyakanusha.

"Sanduku liache hapo chini," Metroni alimwambia mwanawe, "lakini hilo boksi nipe."

"La nini, Mama?"

"Nikiijenga hii meli peke yangu, kwa mikono hii hii, kabla ya Krismasi ijayo, sanduku utalirudisha juu ulikolitoa na hutalishika tena mpaka nife."

Mhandisi aliligeuza boksi. Maandishi yalikuwa ya lugha asiyoijua, lakini ubavuni kulikuwa na picha ya mzungu mwenye mvi, amevaa miwani juu ya miwani, naye alionekana amechoka. Mhandisi akacheka. "Na ukishindwa?"

"Nitakwenda kukaa na kasuku wenzangu."

"Khotsa, umesikia," Mhandisi akamwambia mjomba wake, maana khotsa ndivyo tunavyomwita kaka au mdogo wa mama huku kwetu.

"Nimesikia," Mjomba akasema, "na hii nyama pia imesikia."

Sanduku likawekwa chini ya dirisha la chumba cha kulala, tupu, mdomo wazi, likakaa hapo mwaka mzima.

Karatasi ya maelekezo, kwa kuwa haikusomeka, Metroni aliikunja akaiweka chini ya mguu mfupi wa meza. Alibaki na michoro tu. Aliijenga meli kama anayeukusanya mwili wa mtu. Ule mti mrefu wa chini, ambao watu wa pwani huuita mkuku, kwake ulikuwa uti wa mgongo. Vipande vilivyopinda vilikuwa mbavu, vibao vyembamba vya kufunika mbavu vilikuwa ngozi, na kamba zote zilikuwa mishipa. Zana zake zilikuwa mkasi mdogo wa hospitali na koleo lile jembamba la wauguzi la kubania mshipa unaovuja damu. Ukimwuliza kazi imefika wapi, alikujibu kwa sauti ya chini ya kwenye ukumbi wa hospitali: "Leo ubavu wa kushoto umekubali ngozi. Wa kulia bado una ubishi."

Vibao vya ngozi ilibidi vilowekwe kwenye maji moto ili vipinde, na chombo pekee kirefu cha kutosha ndani ya nyumba ile kilikuwa chupa ya chai. Vibao vililowekwa asubuhi, chupa ikasuuzwa, chai ikawekwa alasiri. Kwa miezi kadhaa chai ya Metroni ilikuwa na ladha ya karakana ya seremala. Akina mama wa kikundi cha kanisa, waliokutana kwake mara kwa mara, walikuwa na adabu mno ya kuuliza. Mwenyekiti wao ndiye aliyejaribu, kwa kuzunguka: "Metroni, haya majani ya chai umeyapata wapi?" Metroni akajibu kwamba ni yale yale ya siku zote. Mwenyekiti akasema ndiyo, ila leo yana nguvu, yanajenga.

Mtu huyu aliyekuwa akituhubiria usafi, aliyeweza kukurudisha mlangoni kunawa mikono ukiwa umeshakaa, ndiye aliyeibandika meli yake kwa ugali. Gundi iliyokuja na boksi ilikuwa imekauka ikawa jiwe. Nilimwambia gundi ya seremala inauzwa mjini, si mbali na soko. Akanitazama kwa huruma.

"Mwalimu, obusuma ikishika tumbo la Mluhya tangu saa saba mchana mpaka kesho asubuhi, itashindwa na kijiti?"

Akapika ugali mwepesi wa unga uliochekechwa mara mbili, akaupaka kwa ncha ya kijiti kwenye kila kiungo, na ulipokauka, meli ilishika barabara. Niliigonga kwa ukucha, haikutikisika. Hata alinitumia kama mfano kwa akina mama: kwamba watu waliosoma wangekimbilia dukani.

Tatizo lilikuwa jogoo. Jogoo huyo alikuwa akinoneshwa kwa ajili ya ziara ya Mhandisi ya Pasaka, na alikuwa na uhuru wa mgeni wa heshima. Siku moja Metroni alitoka kwenda kanisani, mlango wa jikoni ukabaki wazi. Aliporudi alimkuta juu ya meza, kwenye shuka jeupe, akiila meli kwa utaratibu kuanzia omo, yaani pua yake, akielekea nyuma. Alikuwa amefungua viungo vyote vya mbele. Tena alikuwa amemeza roda kadhaa, vile vidude vya mbao vyenye tundu ambalo kamba hupitia. Sikuweza kumlaumu. Roda moja ilikuwa sawasawa na punje ya mahindi, na zote zilinukia jikoni.

Vibao vingeweza kuchongwa vingine. Roda hazikuwa na mbadala, si Kakamega, si Kisumu, na bila roda hakuna kamba, na bila kamba Krismasi ingemkuta anafunga mizigo. Metroni alisimama mlangoni akimtazama jogoo kwa muda. Kisha akapita kwenye pengo la ua, akaniita: "Mwalimu, njoo unishikie miguu. Tunaingia chumba cha upasuaji."

Alinawa mpaka viwikoni. Firigisi aliipasua upande mmoja kwa mkato mdogo ulionyooka, akaingiza koleo, akatoa roda moja baada ya nyingine, akazichemsha kwenye sufuria ndogo na kuzipanga juu ya kitambaa cha kufungia vidonda. Zilikuwa zimetimia zote. Tulikuwa bado tunazihesabu aliposikika Mjomba akipiga hodi. Mtu yule alikuwa na kipaji cha kujua kuku amechinjwa wapi.

Hapo kukawa na shida nyingine. Huku kwetu firigisi hailiwi na yeyote tu, ni haki ya mwanamume mkubwa aliyepo. Ikiletwa mezani imechanika, hilo ni tusi, na watu wamewahi kununiana kwa kidogo kuliko hicho. Metroni hakubabaika. Alichukua sindano na uzi, akaishona firigisi, mishono midogo iliyolingana, nadhani ndiyo firigisi iliyoshonwa vizuri kuliko zote katika kaunti ile. Ikapikwa, ikapakuliwa, ikawekwa mbele ya Mjomba.

Alitafuna kwa muda mrefu.

"Dada, hii ingokho yako ilikuwa inakulanga nguo?"

"Ilifanyiwa upasuaji. Kula, ilipona vizuri."

Mjomba akameza. Wiki hiyo hiyo Metroni alinunua gundi ya seremala. Hakutaja tena obusuma, na mimi pia sikuitaja.

Mikono yake niliitazama sana mwaka ule, kwa sababu kila kitu kilikuwa juu yake. Ilitetemeka kweli. Ikiwa imekaa bure ilitetemeka zaidi, na vikombe ndivyo vilivyoisaliti. Alikuwa na namna yake ya kuitawala. Alishika uzi kwa koleo, akaegemeza kiwiko kwenye mkono wa kochi, akaliweka koleo juu ya meli hewani, akangoja. Hakusogea. Chai yangu ilipoa mara nyingi wakati wa ngoja ngoja hizo. Kisha ghafla, kama paka, alishuka, akapitisha, akarudi.

"Mkono ni kama mtoto wa wodi ya watoto," alisema. "Ukimkimbiza analia. Mngoje achoke kulia, halafu mdunge."

Lakini zilikuwepo siku ambazo hakudunga. Alasiri moja mvua ilianza mapema, mabati yakawa yanapiga kelele kiasi cha kutosikilizana, nikapita kwenye pengo nikamkuta ameketi na koleo hewani. Nilikaa. Mvua ilipungua, ikakatika, jua la jioni likaingia, naye bado. Mwishowe akaliweka koleo mezani, akafunika meli kwa shuka.

"Kuna siku mkono haungojeki," akasema, na akaenda kufunga dirisha la chumbani, lile lililo juu ya sanduku. Kesho yake aliwaambia akina mama kwamba mgonjwa haoni wageni.

Matanga ya meli yalileta mjadala mkubwa kuliko mahubiri yoyote niliyowahi kusikia pale. Kitambaa kilichokuja kwenye boksi kilikuwa kimeliwa na ukungu. Metroni, kama kila mwanamke wa rika lake huku, alikuwa amefunika kila kitu sebuleni kwa vitambaa vya kufuma kwa kroshia: makochi, redio, televisheni, hata mtungi wa maji. Akaona hakuna sababu ya meli kukaa uchi. Alifuma matanga yote, meupe, yenye maua katikati na meno meno ukingoni.

Akina mama walikuja kuyaona, kwa saa zilizoruhusiwa. Mwenyekiti aliinama, akaliangalia tanga kubwa kupitia upande wa pili.

"Metroni, ninakuona wewe kwenye matundu."

"Nipo."

"Sasa upepo si utapita tu?"

"Upite. Nimeuzuia?"

"Meli itaendaje, mama?"

"Hii haiendi popote, mwenyekiti. Ingekuwa inaenda, ningeijenga ya nini?"

Mwenyekiti akafikiri, akasema basi tanga la nyuma angelitia rangi ya waridi kidogo, lichangamke. Wengine wakakataa. Mjadala wa waridi uliendelea mpaka saa ya kutazama ikaisha, wakatolewa nje, wakaumalizia barabarani.

Mimi nilikuwa na swali langu. Kuna jirani aliyechimba bwawa la samaki bondeni, nikamwuliza Metroni kama meli ikikamilika tutaijaribu huko. Alinitazama kama niliyependekeza kumwogesha mtoto mchanga mtoni. "Nimekaa mwaka nakausha hizi mbao, niende kuzilowesha?" Kisha nikagundua kwamba aliogopa maji. Hakuvuka daraja la mto Isiukhu bila kushika kitu, hata kama ni mkono wa mtu asiyemfahamu. Alipokwenda Kisumu kwa shughuli za hospitali zamani, wenzake walienda kutazama ziwa, yeye akabaki kwenye gari. "Maji nimeyaona ya kutosha kwenye ndoo," alisema. Hakuona ajabu yoyote kwamba mtu kama huyo anajenga meli yenye milingoti mitatu.

Mdogo wake ndiye aliyeona ajabu, na alilisema kila alipokuja. Alikuja mara nyingi, kwa sababu fahali wake akiumia uwanjani Malinya, Metroni ndiye aliyemshona. Nimeyaona haya: fahali mweusi mkubwa amefungwa kwenye mti wa mparachichi, na Metroni amevaa aproni yake ya zamani, akimshona begani.

"Huyu analia kidogo kuliko wewe," alimwambia mdogo wake.

"Yeye hajui unamshona na uzi wa meri," Mjomba akajibu. "Dada, hii meri yako ikikwisha itapigana na nani?"

"Itapigana na mtoto wangu."

"Hapo sasa umeongea. Hapo nitakuletea watu."

Tulidhani ni mzaha.

Mara ya mwisho nilipoingia sebuleni mwake ilikuwa siku chache kabla ya Krismasi hiyo iliyofuata, nami nilikuwa nimeshapata barua ya uhamisho wa kwenda Matete. Meli ilikuwa imekamilika. Asubuhi ile nilikuwa nimeipitia mwenyewe kamba kwa kamba, kwa ombi la Metroni, mikono yangu ikiwa nyuma kama mkaguzi wa shule, kwa kuwa sikuruhusiwa kugusa. Hakuna kilichopungua. Mhandisi aliwasili kutoka Nairobi saa sita, akakuta mlango umefungwa, akakaa kwenye benchi la veranda na simu zake mbili mpaka saa nane ilipofika. Hakulalamika. Alikuwa mtu mzuri, na tangu utotoni alijua benchi lile.

Saa nane mlango ulifunguliwa. Metroni alikuwa amevaa sare yake nyeupe, na saa yake ya uuguzi ameibana kifuani. Mhandisi aliingia, akaiona meli, na uso wake ukawa uso wa mtoto kwa muda mfupi. Akapiga magoti mbele ya meza.

"Mama, umejenga wewe?"

"Mwulize Mwalimu."

Sikupata nafasi ya kujibu. Nje kulilipuka ngoma za isukuti, filimbi na mbiu, na Mjomba akaingia kupitia mlango wa mbele akicheza, matawi ya majani mikononi, wapigaji watatu nyuma yake na watoto wa njiani nyuma yao. Malinya hakuna fahali anayeingia uwanjani kimyakimya. Hupelekwa kwa ngoma na sifa, ajue yeye ni nani. Mjomba alikuwa ameahidi watu, na alikuwa amewaleta. Aliizunguka meza akiisifu meli kwa sifa za fahali, pembe na shingo na mama yake aliyemzaa, na isukuti ile kubwa ikawa inapigwa karibu na mguu mfupi wa meza. Vikombe kabatini vililia. Milingoti ikaanza kutikisika.

"Tokeni," Metroni akasema. Hakupaza sauti, lakini ngoma zilikatika katikati ya mapigo. Wapigaji wakarudi nyuma kinyumenyume mpaka verandani.

Mhandisi alikuwa bado amepiga magoti. Akanyoosha kidole, bila kugusa, mahali fulani juu ya mlingoti wa katikati.

"Hii kamba haijaingia."

Sote tuliinama. Ni kweli. Kamba moja nyembamba ilikuwa imechomoka kwenye roda yake na kuning'inia.

"Iliingia," Metroni akasema. "Ngoma imeitoa."

"Mama, tulipatana meli iliyokamilika." Alisema polepole, na sidhani ilimpendeza kusema. Nadhani alikuwa akikiona kile kikombe cha Krismasi iliyopita. "Khotsa, si wewe ndiye shahidi?"

Mjomba, jasho likimtoka, majani bado mkononi, aliangalia meli, akamwangalia dada yake, akaangalia sakafu. "Mimi ni shahidi," akasema. "Sikusema mimi ni hakimu."

"Basi aipitishe sasa, tukiona."

Metroni akaketi. Akachukua koleo, akaushika uzi, akaegemeza kiwiko, akangoja. Mkono haukutulia. Koleo lilikuwa linaandika vitu hewani. Akajaribu mara moja, uzi ukapita kando ya tundu. Akajaribu tena, ukagonga mlingoti. Mjomba nyuma yangu alikuwa anapumua kama mnyama wake. Nilisikia mtu akisema polepole "mama, mama," nikatambua ni Mhandisi.

"Acha nikusaidie," akasema.

"Ukinisaidia nimeshindwa." Akaliweka koleo kwenye kitambaa. Kisha akalisukuma upande wa mwanawe. "Lakini jaribu wewe. Ukiiweka nitaichomoa. Nataka tu nione."

Mhandisi alikunja mikono ya shati. Akalishika koleo vizuri kabisa, akasogea, na simu moja ikatetemeka mfukoni mwake. Akaipuuza. Akasogea tena, ya pili ikatetemeka. Akaulamba uzi, akafinya macho. Ncha ya koleo ilikuwa inacheza, si kidogo, na kadiri alivyokaza ndivyo ilivyozidi. Alijaribu mpaka akalowa mgongo. Mjomba akaomba zamu, akanyimwa kwa sababu ya ukubwa wa vidole vyake. Wakati huo wote Metroni hakuitazama meli hata kidogo. Alikuwa anatazama mikono ya mwanawe, kichwa ameinamisha upande, kama nilivyomwona akimtazama fahali kabla ya kuchagua sindano.

"Lete," akasema.

Akalichukua koleo. Kiwiko kwenye kochi. Akatoa pumzi yote, akangoja. Nadhani alikuwa ameshasahau kwamba anatazamwa, kwa kuwa sasa alikuwa na shughuli nyingine kichwani. Akashuka, akapitisha, akavuta, akafunga fundo, akakata ncha.

Mhandisi aliinama akaikagua kamba kwa pande zote, kwa muda mrefu, jinsi nadhani anavyokagua nyufa kwenye madaraja yake. Kisha akakaa chini sakafuni.

"Sawa, Mama. Sanduku nitalirudisha juu leo. Sitakuambia tena habari za Nairobi."

Mjomba akaanza kuinua majani, nikamshika mkono. Metroni alikuwa hasikilizi. Alikuwa ameushika mkono wa mwanawe, vidole vitatu kwenye kifundo, na macho kwenye saa yake ya kifuani.

"Mama, mimi niko sawa."

"Nyamaza nihesabu." Akahesabu. "Umelalaje?"

"Salama."

Akamtazama. Mhandisi akaangalia chini. "Silali sana," akasema. "Kuna kazi."

"Hizo simu mpe Mwalimu."

Akanipa. Zilitetemeka mkononi mwangu kama vifaranga vilivyokamatwa. Metroni akamgeukia mdogo wake. "Huyu hasafiri. Leteni mfuko wake kutoka kwenye gari."

"Mama, nina mkutano kabla ya mwaka mpya."

"Mgonjwa hajipangii siku ya kutoka."

Mhandisi akamwangalia mjomba wake, akitafuta msaada, na Mjomba akawa anakagua mabati. Tukatoka, yeye na mimi. Wapigaji wa ngoma walikuwa wamekaa kwenye benchi la veranda, mmoja amefunika mdomo akikohoa. Matone ya kwanza ya mvua yalikuwa yanaanguka. Mjomba aliubeba mfuko kichwani, na tulipokuwa tunarudi mbio akaniambia, bila kunitazama:

"Nilijua tu leo lazima mmoja wao atalazwa."

Tulipopita chini ya dirisha tukamsikia Metroni ndani, kwa sauti ile ya chini ya kwenye ukumbi wa hospitali, akimwambia mhandisi wa madaraja avue viatu.